Hakuwaambia Kuwa Ziko Mbili

Imakulata aliteremka Masasi akiwa na gauni lake la kanisani, kwa sababu mtu anayekwenda kudai haki yake hapaswi kuonekana kama aliyekuja kuomba chumvi. Ndani ya mkoba alikuwa na vijitabu viwili. Kimoja alikitunga mwenyewe. Cha pili kilikuwa kivuli cha kile cha kwanza, kimetolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia, na mpwa wake alikuwa amekikuta kinauzwa katika duka la Halfani, karibu na stendi.

Kilikuwa kijitabu cha mazoezi ya kupiga chapa. Alianza kukiandika zamani, alipokuwa mpiga chapa wa ofisi moja ya ushirika huko huko Masasi, kabla ya soko huria kuingia, wanunuzi binafsi wa korosho wakaujaza mji na ushirika ukaanza kupunguza watu kama mtu anavyopogoa matawi. Yeye alikuwa miongoni mwa waliopogolewa. Alirudi kwao Newala na mashine moja ya chapa, mtoto mmoja, Silvesta, na mume ambaye hakuishi sana baada ya hapo. Akafungua darasa katika chumba cha uani. Sentensi za mazoezi alizitoa hapo hapo alipokaa: mama anapepeta mtama, baba anapalilia mikorosho, ukungu umefunika njia ya Kitangari. Wasichana waliozipiga sentensi hizo asubuhi hadi mchana waliondoka na vidole vinavyojua kazi bila kuangaliwa.

Halfani alikuwa Myao wa Masasi, mcheshi, hodari wa kompyuta, aliyejifunzia ufundi Dar es Salaam na kurudi na redio mbovu, waya na maneno mengi. Alimkaribisha kwa heshima zote.

"Karibu, Mama Silvesta. Huko juu baridi imeanza? Kaa basi."

Hakukaa. Aliweka vijitabu vyote viwili juu ya kaunta. "Halfani, hiki ni changu. Nani alikupa ruhusa ya kukitoa fotokopi na kukiuza?"

Halfani alivitazama kimoja kimoja, akakuna kidevu. "Watu walikuwa wanakiulizia, dada yangu. Nikasema, kitu kizuri namna hii kikae Newala peke yake?"

"Huo ni wizi."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja picha za pasipoti waligeuka. Halfani hakukasirika. Aliinama juu ya kaunta, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake mbele za watu.

"Mama Silvesta, zile kompyuta zako nne. Windows iliyomo uliinunua wapi?"

Imakulata alianza kuvipanga upya vijitabu vyake juu ya kaunta.

"Si nilikuja mimi kukuwekea? Sidii ile moja imeingia kompyuta nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mwenye mali hakunipa ruhusa, na wewe hukuniuliza. Ulinipikia wali kwa kuku, nikala, nikashukuru. Sasa kama mimi ni mwizi, sisemi siyo. Lakini wewe tukuiteje?"

Aliviokota vijitabu vyake akatoka. Alipofika kwenye basi ndipo alipogundua kwamba amerudi hata na kile cha fotokopi alichokusudia kumwachia Halfani.

Njia nzima ya kurudi, basi likikwea kuelekea Newala, alikuwa akibishana na Halfani kichwani na kila mara akishindwa. Kompyuta zile zilikuwa zimetumika Ulaya na kuletwa na marafiki wa parokia, zikiwa tupu kama vibuyu. Siku Halfani alipokuja kuzijaza, Imakulata aliiona ile sidii. Haikuwa na jalada wala picha, ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kwa mwandiko wa Halfani mwenyewe. Aliiona na hakuuliza, kwa sababu aliyeuliza angejibiwa, na aliyejibiwa angelazimika kufanya jambo.

Kuanzia wiki hiyo kazi ikamwia nzito. Alipowaambia wanafunzi wasitazamiane wakati wa majaribio, alikuwa akitazama ubao, si wao. Jumapili, padre aliposoma amri, alipofika ile ya saba, usiibe, Imakulata alijikuta anatafuta kitambaa kwenye mkoba. Aliulizia bei ya Windows halali, ile yenye karatasi zake. Jibu alilopata lilimfanya acheke peke yake barabarani, kicheko kisicho na furaha, maana kwa kompyuta zote nne angelazimika kufunga darasa ili aweze kuliendesha kihalali.

Mtu ambaye Imakulata alimweleza shida hiyo ni Benjamin, mwalimu wa fizikia aliyehamia kutoka Bukoba na kupanga nyumba ya tatu kutoka kwake. Benjamin alikuwa na desturi ya kupita jioni kunywa chai na kuchokonoa kompyuta zilizogoma. Hakumcheka. Kesho yake alikuja na bahasha yenye sidii kadhaa, kila moja katika jalada lake zuri la karatasi, zimetumwa kwa posta kutoka ng'ambo bila yeye kulipa hata nauli yake.

"Hii ni Linux," alisema. "Inafanya kazi ile ile ya Windows, ya kuiamsha kompyuta na kuiendesha. Ila hii hailipiwi. Unaruhusiwa kuinakili, kumpa jirani, hata kuifungua ndani ukaibadilisha kama unazo akili hizo. Wenyewe wameandika hapa, mgawie mwenzako."

Imakulata aliipindua sidii akaitazama pande zote mbili. "Na walioitengeneza wanakula nini?"

"Wako wengi, kila mmoja anatia kidogo. Wengine kampuni zinawalipa, wengine wanapenda tu. Chukulia kama kulima kwa ujima."

"Cha bure huwa na mkia, Benjamin."

"Mkia upo, Mama Silvesta, sikufichi. Printa yako ile kongwe huenda ikakataa. Virusi vinavyokuja na diski za watu havitakusumbua sana, hilo ni kweli. Lakini Windows ikiharibika, fundi yeyote Masasi ataishika. Hii ikikwama, na mimi sipo, utakuwa peke yako. Halafu maofisini kote wanatumia ile nyingine."

Aliyasema hayo yote siku ile ile, waziwazi, na baadaye Imakulata hakuweza kamwe kujidanganya kwamba hakuambiwa. Lakini Benjamin aliiwasha kompyuta moja kwa sidii yake, akaifungua programu ya kuandikia ambayo wataalamu wa Kiswahili walikuwa wameitafsiri, na juu ya kioo yakatokea maneno: Faili. Hariri. Hifadhi. Chapisha. Imakulata alivuta kiti akakaa. Maisha yake yote mashine zilikuwa zimesema naye Kiingereza, naye akawa anazijibu kwa vidole tu, kama mfanyakazi wa ndani anayeelewa amri na haongei.

"Weka zote," alisema.

"Weka tatu," Benjamin akamshauri. "Hii moja iache na Windows."

"Ya wizi?"

"Ya wizi, mpaka utakapopata ya halali. Wanafunzi wako hawaendi kuajiriwa mbinguni."

"Nguo haifuliwi nusu," alijibu Imakulata. Jibu lilimpendeza. Halikuwa jibu lote, kwani moyoni mwake kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema. Alitamani siku moja kusimama tena mbele ya kaunta ya Halfani na kumtazama usoni.

Ulikuwa mwaka mzuri, ule uliofuata. Darasa lilikuwa na amani ambayo hakuwahi kuijua. Kompyuta hazikuugua. Wanafunzi waliokuwa wakiogopa maneno ya Kiingereza sasa walikuwa wakifungua na kuhifadhi na kufuta kama watu waliopo nyumbani kwao. Printa ilikataa kama Benjamin alivyotabiri, ikabidi atafute nyingine kwa mbinde, lakini hilo lilimwongezea hata fahari kidogo, kama mtu aliyefunga na njaa ikamthibitishia saumu yake.

Katika wanafunzi wa mwaka huo alikuwepo Bibiana. Alikuwa msichana wa kijiji cha Makote, amemaliza kidato cha nne na alama zisizompeleka popote, anakuja kwa baiskeli ya marehemu baba yake, miguu imejaa vumbi jekundu ambalo alilipangusa kwa kitambaa mlangoni kabla ya kuingia. Mama yake, Winfrida, alikuwa amekubali kubaki na palizi peke yake ili binti asome. Bibiana hakuwa na kelele. Akishika jambo lilikuwa limeshikwa. Majedwali ya hesabu, ambayo wengine waliyaona kama adhabu, yeye aliyapenda. Alitengeneza moja la mvua, akaweka miezi na mapipa ya maji waliyokinga nyumbani kwao, kompyuta ikamjumlishia, akatabasamu kama mtu aliyejibiwa salamu.

Benjamin alipata uhamisho kwenda Songea. Siku ya kuaga, alipokuwa akifunga sanduku, alimwambia Imakulata tena, kwa upole, "Wafundishe kuwa ziko mbili, mama. Hata kama huna ya kuwaonyesha, wataje." Imakulata aliitikia, akamfungia korosho zilizobanguliwa kwa mkono za kula njiani.

Hakuwataja. Kila alipotaka kuanza alihisi kama anafungua mlango wa chumba alichokwisha kukifagia. Akiwaambia kuna Windows, watauliza kwa nini hapa haipo. Akiwaambia ni ghali, watasema mbona kila mtu anayo. Na hapo atalazimika kueleza alivyoipata ya kwanza. Basi akaacha.

Siku moja, wenzake wakiwa wametoka, Bibiana alibaki akifunika kompyuta vitambaa vyake vya kuzuia vumbi. Akauliza, "Mwalimu, huko maofisini kompyuta zao ni kama hizi hizi?"

Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Imakulata alikuwa akihesabu chaki.

"Kompyuta ni kompyuta, mwanangu," alisema. "Vidole ndivyo vinavyofanya kazi."

Bibiana aliridhika, kwa sababu aliyemjibu alikuwa mwalimu wake. Akaipanda baiskeli yake akaenda.

Msimu wa korosho ulipokaribia, kampuni moja ya ununuzi ilitangaza inatafuta karani wa kuingiza takwimu kwenye ofisi yake ya Masasi. Imakulata ndiye aliyeleta habari Makote, na ndiye aliyesema atampeleka Bibiana mwenyewe, maana msichana hakuwa na ndugu mjini. Winfrida alimshika mikono yote miwili. "Mama Silvesta, wewe ndiye mama yake wa pili," alisema.

Ofisi ilikuwa na veranda, na kwenye veranda kulikuwa na benchi. Imakulata akakaa hapo pamoja na waombaji wengine. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, na mahali alipokaa aliweza kumwona Bibiana mgongo, na mwanamume aliyekuwa akiwasaili, kijana wa mjini aliyevaa tai, aliyechoka tayari kwa wasailiwa waliotangulia.

Kwanza walimpa barua aichape. Imakulata alisikia vidole vya Bibiana vikianza, kama matone ya kwanza juu ya bati, kisha mvua yenyewe. Yule mwanamume aliinua kichwa. Waombaji wa kwenye benchi walitazamana. Imakulata alijisikia kifua kinapanuka.

"Vizuri," yule mwanamume akasema. "Sasa fungua Excel, unitengenezee orodha ya wakulima na uzito wa magunia. Halafu jumlisha."

Imakulata aliona mkono wa Bibiana ukikisogeza kipanya kwenda juu, kurudi chini, kwenda pembeni, kama mtu anayepapasa ukutani gizani kutafuta mlango.

"Fungua Excel," akarudia yule mwanamume.

"Samahani, baba," alisema Bibiana. "Excel ndiyo ipi?"

Mtu mmoja ndani akacheka. Wala hakikuwa kicheko kikubwa.

"Hujui Excel? Na hapa umeandika umesoma kompyuta."

"Nimesoma. Najua kutengeneza majedwali, na kujumlisha. Ila yetu haiitwi hivyo. Na ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili."

"Kompyuta ya Kiswahili," yule mwanamume akamwambia mwenzake, kama mtu anayeonyesha kitu cha ajabu alichookota. Kisha akamgeukia Bibiana, si kwa ukali, bali kwa namna ya mtu anayetaka kumaliza. "Nani alikufundisha, binti?"

Imakulata alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Alikuwa na miguu mizima. Kitu alichopaswa kufanya alikiona mbele yake waziwazi kama kiti: asimame, aingie, aseme, mimi ndiye niliyemfundisha, na kosa ni langu, anajua kazi hii kuliko mnavyodhani, mwonyesheni mlango tu ataingia. Maneno yenyewe aliyapanga. Lakini waombaji wote wa kwenye benchi walikuwa wakitazama kule ndani, na yeye alikuwa mwalimu, na gauni lake lilikuwa lile la kanisani. Akatazama viatu vyake.

"Kuna mwalimu huko kwetu," Bibiana akajibu. Hakugeuka.

Alipotoka, alipita mbele ya benchi kana kwamba hamfahamu mtu yeyote pale, akashuka ngazi, akangoja nyuma ya ukuta ambako waliokaa verandani wasingewaona pamoja. Hilo ndilo lililomchoma Imakulata. Msichana alikuwa amemsitiri.

Njiani Bibiana alizungumza juu ya mambo mengine. Aliuliza kama mvua zitawahi. Alisema machungwa ya Masasi ni matamu. Walipoachana Newala alisema, "Asante kwa kunisindikiza, mwalimu," akapanda baiskeli. Baada ya hapo hakuja tena darasani.

Imakulata alijipa sababu za kutokwenda Makote. Palizi, msiba wa jirani, kifua. Alikuwa amejiosha mikono ili asiwe mwizi, na maji machafu alikuwa amemmwagia mtoto wa mwenzake. Wala hakuwa na hakika kama alijiosha kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya Halfani. Hatimaye alikodi mtu wa baiskeli akampeleka.

Winfrida alikuwa chini ya mikorosho, akiokota. Alinyoosha mgongo, akajipangusa, uso ukachanua. Alimkaribisha ndani, akamletea maji ya kunywa kwenye kikombe kilichojaa pomoni, katika nyumba ambayo maji huchotwa mbali na hupimwa kama mafuta.

"Nimechelewa kuja kukushukuru," Winfrida alisema. "Bibiana ameniambia nafasi ilikuwa moja na ilikwishakuwa na mwenyewe. Ndivyo kazi za siku hizi. Lakini elimu uliyompa, hakuna wa kumpokonya."

Kumbe Bibiana hakumwambia hata mama yake. Imakulata alikishika kikombe bila kunywa. Ingewezekana kabisa kunyamaza. Mlango ulikuwa umeshafungwa kwa nje na Bibiana mwenyewe, kwa wema.

"Mama Bibiana, haikuwa hivyo," alisema.

Akaeleza. Hakueleza vizuri. Alianza na Halfani, akaruka kwenye Linux, akarudi kwenye sidii, na kwa mkulima ambaye hajawahi kuiona kompyuta ikiwashwa mengi ya hayo yalikuwa upepo. Lakini sehemu moja aliieleza ikaeleweka. Kulikuwa na vitu viwili, alimfundisha mtoto kimoja, na alijua kuwa anakokwenda watataka kile kingine. Na mtoto alipocheka na kudharauliwa na watu, yeye alikuwa kwenye benchi na hakuinuka. Alipogundua amesema "alipocheka" badala ya "alipochekwa", alilirudia neno kwa usahihi.

Winfrida aliikunja na kuikunjua kanga yake. Bibiana alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, hakuna aliyejua tangu lini.

"Nilikuuliza, mwalimu," Bibiana akasema.

"Uliniuliza."

"Ungesema tu hujui. Au ungesema ni tofauti, nikaenda kwa mtu nikaona hata kwa siku moja. Ingenitosha siku moja."

Aliiweka ndoo chini, akaenda kuendelea kuokota korosho. Winfrida alimsindikiza mgeni mpaka njiani, kama mila inavyotaka. Hapo alisema neno moja tu. "Umefanya vizuri kusema. Lakini imeniuma, Mama Silvesta." Imakulata akajibu kuwa anajua.

Mambo hayakugeuka kwa siku moja. Shirika moja lililokuwa likimaliza mradi wake Masasi lilikuwa linauza vifaa, na miongoni mwake kompyuta moja yenye Windows halali, kibandiko na karatasi zake. Imakulata aliuza cherehani yake na mashine za chapa zote alizokuwa ameongeza darasani, akabaki na ile ya kwanza, akainunua. Akaiweka pamoja na zile nne. Siku ya kwanza ya kila kundi jipya, akawa anawasimamisha wanafunzi mbele yake na kusema, hizi ni za namna mbili. Hii inauzwa na mwenyewe, na nyingi mtakazokutana nazo zimenakiliwa bila idhini yake. Hizi nyingine mmepewa, mnaweza kumgawia mwenzenu. Hii ndiyo mtakayoikuta kazini. Hizi ndizo zitakazowafaa mkiwa hamna kitu. Jina la hii ni hili, jina la ile ni lile, na Excel ni mlango huu hapa.

Alidhani atajisikia nafuu. Wanafunzi walipanga foleni mbele ya kompyuta ile moja, wakizipa zile nne mgongo, na yeye akawa analazimika kuwagawia zamu. Kila aliyeketi mbele ya Excel alimkumbusha mgongo wa Bibiana.

Bibiana alikwenda Mtwara kwa shangazi yake akawa muuzaji katika duka la dawa, akarudi, akaolewa Kitangari. Imakulata alizisikia habari hizo kwa watu, kama mtu anavyosikia habari za ndugu aliyekosana naye. Kisha, miaka kadhaa baadaye, akaja kijana na ujumbe: Bibiana wa Kitangari ana duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi, kompyuta yake imekufa, na ameuliza kama mwalimu anaweza kufika.

Alikwenda siku ile ile. Duka lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, limepakwa chokaa. Bibiana alikuwa amenenepa kidogo, mtoto mgongoni. Alipiga goti nusu. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

Tatizo lilijieleza lenyewe. Diski ya mteja ilikuwa imeleta kirusi. Windows haikuwaka tena, na ndani yake mlikuwa na katiba ya kikundi cha akina mama, barua za watu, na kazi za walimu waliokuwa wakija kuzichukua kesho yake. Fundi wa Masasi alisema atafuta kila kitu na kuanza upya. Imakulata hakuuliza Windows hiyo ilitoka wapi. Aliona kuwa swali hilo, katika vinywa vyote vya dunia, halikuwa la kinywa chake.

Alitoa sidii ya Linux kwenye mkoba, akaiwasha kompyuta kwa sidii hiyo bila kuigusa ile iliyokufa. Kioo kikaamka. Akatafuta, akafungua, na kumbe faili zote zilikuwa humo ndani, nzima, kama watu waliojificha darini wakati nyumba inavamiwa. Wakaanza kuzihamisha moja moja kwenye diski safi. Bibiana aliinama karibu, mtoto akicheza na kitambaa cha kichwa cha Imakulata.

"Nilikuwa nimeisahau hii," alisema Bibiana. Akasoma kwa sauti ndogo, "Faili. Hariri. Hifadhi." Kisha akasema bila kumtazama, "Niachie nakala. Nitaziweka zote mbili. Moja ya kazi za watu, moja ya siku kama ya leo."

"Nitakuachia."

"Ungenipa zote mbili tangu mwanzo, mwalimu."

"Ningekupa," Imakulata akasema.

Walikaa hivyo mpaka kazi ikaisha. Bibiana hakusema amesamehe, na Imakulata hakuomba aambiwe. Alipotaka kuondoka, Bibiana alifunga duka kwa muda akamsindikiza kungoja gari, mtoto amelala mgongoni, upepo wa mchana ukipeperusha vumbi barabarani. Walisimama upande mmoja wa njia, wakizungumza juu ya meno ya mtoto na bei ya karatasi. Gari lilipokuja Bibiana alimshikia mkoba mpaka alipokaa, akamkabidhi dirishani, akageuka kurudi kufungua duka, maana wateja walikuwa wamekwisha kuanza kukusanyika.